Utasa Unaobadilika na Hali ya Hewa

Majuzi mwanafunzi mmoja wa ualimu alinijia ofisini akiwa ametatizika. Alikuwa akiandaa somo kuhusu mpunga chotara, na kamusi ilikuwa imemwambia kwamba tasa ni asiyezaa. "Mwalimu," akaniuliza, "yawezekanaje mmea uwe tasa wakati wa joto, kisha uzae wakati wa baridi?"

Swali lilikuwa la lugha, lakini jibu lake limo shambani. Ua la mpunga lina sehemu za kiume na za kike pamoja, nalo hujichavusha lenyewe. Atakaye mbegu chotara hana budi kupata mpunga ambao chavua yake imekufa, ili upokee chavua ya mpunga wa aina nyingine uliopandwa kando yake.

Mnamo 1973, Shi Mingsong wa jimbo la Hubei, Uchina, aligundua mpunga uliokuwa tasa ulipochanua katika siku ndefu, lakini ukazaa ulipochanua siku zikiwa fupi. Wataalamu wakaamini kwamba urefu wa mchana ndio ufunguo.

Majira ya joto ya 1989 yaliwafunza vinginevyo. Baridi isiyotarajiwa ililikumba bonde la mto Yangtze. Mchana ulikuwa mrefu kama kawaida, ila mimea mingi iliyodhaniwa kuwa tasa ikaanza kuzaa. Huo ni msiba kwa mzalishaji wa mbegu. Mmea ukijichavusha, mbegu chotara huchanganyika na zisizo chotara, na mkulima aliyezinunua hung'amua mpunga ukiwa umekwisha kukua. Tangu hapo, Yuan Longping na wenzake walisisitiza aina zinazobaki tasa hata joto likishuka hadi takriban nyuzi 23.5 za Selsiasi. Aina hizo huzidishwa penye baridi zaidi ya hapo. Mbegu chotara huzalishwa penye joto.

Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba kamusi haikukosea. Ilikomea tu kwa binadamu na mifugo, ambako utasa aghalabu huchukuliwa kuwa hukumu isiyo na rufani. Kwa mpunga huu, napendekeza walimu tuseme "utasa wa kiume unaotegemea joto". Istilahi ndefu si kosa iwapo inabeba ukweli. Anayekariri "utasa wa kiume" pekee huenda akapita mtihani. Lakini kesho akikabidhiwa shamba la mbegu, baridi ya siku chache itamfunza kwa hasara alichostahili kufunzwa darasani.