Intaneti ya Nyumbani (2): Ruta Ikae Wapi, Ilindwe Vipi

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza tofauti kati ya ruta inayotumia laini ya simu na ile inayopokea faiba. Sehemu hii inaingia ndani ya nyumba. Ruta imeshanunuliwa, imetolewa kwenye boksi, na kila mtu anasubiri iwake.

Katika kata ya Nyasubi, Manispaa ya Kahama, kama ilivyo katika miji mingi ya Shinyanga na Geita, kazi hiyo huishia mara nyingi kwenye soketi ya kwanza inayoonekana. Ruta inawekwa nyuma ya televisheni, taa zinawaka, simu zinaunganishwa, basi. Siku chache baadaye chumba cha uani hakipati kitu, jioni video zinakwama, na lawama zote zinapelekwa kwa kampuni ya simu. Kampuni inaweza kuwa na kosa kweli. Hata hivyo, mita chache za mwisho, kutoka dirishani hadi kitandani, ni mali ya mwenye nyumba, na asipozishughulikia yeye hakuna mwingine atakayekuja kuzishughulikia.

Wapo wanaodhani intaneti ya Kahama ni nzito kwa sababu mji uko mbali na bahari. Ni kweli kwamba njia ni ndefu. Kabla ya mwaka 2009 Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti kuwasiliana na dunia. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Ndani ya nchi, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL umebeba mawasiliano hadi mikoani na mipakani, ikiwemo Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Lakini ndani ya nyuzi za mkongo mwanga hukimbia takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kilometa 1,000 huzimaliza kwa sehemu tano tu za elfu za sekunde. Umbali wa Kahama na Bahari ya Hindi si kitu kwa mwanga. Kwa mtumiaji wa ruta ya laini, shida kubwa zaidi huanza mahali ambapo nyuzi zinaishia na mawimbi ya hewani yanaanza.

Na mawimbi hayo ni ya aina mbili. Ya kwanza yanatoka mnarani hadi kwenye ruta. Ya pili, yaani waifai, yanatoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta mpakato na televisheni. Ya kwanza yanataka ruta iwe karibu na dirisha linaloelekea mnara, mahali pa juu. Ya pili yanataka ruta iwe katikati ya nyumba. Matakwa hayo mawili hayapatani, na mwenye nyumba hana budi kutafuta suluhu kati yake.

Suluhu huanza kwa kupima. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye namba kama 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Namba hiyo ikiandikwa kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na ruta, hufungua ukurasa wa mipangilio. Katika ruta nyingi za laini, ukurasa huo una kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara kinachoandikwa RSRP. Kipimo hicho husomeka kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Namba kama −80 ni nzuri sana, −95 inavumilika, −110 ni dalili kwamba ruta inahangaika. Mwenye nyumba aihamishe ruta kutoka dirisha moja hadi jingine, asubiri dakika moja au mbili kila mahali, kisha aandike namba kwenye karatasi. Zoezi hili halihitaji fundi wala senti moja, na tofauti kati ya kona moja ya sebule na nyingine huweza kumshangaza.

Nyumba zenyewe zina mchango wake. Paa la bati hurudisha mawimbi, na vivyo hivyo milango ya chuma. Ukuta mnene wa tofali hupunguza nguvu yake, na ukuta wa pili hupunguza kilichobaki. Tenki la maji, friji na kabati la chuma ni vizuizi vikubwa. Ndiyo maana ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, kwa sababu tu haipendezi kuonekana, haiwezi kufanya kazi yake vizuri. Iwekwe wazi, juu ya rafu, kimo cha kichwa cha mtu au zaidi kidogo. Antena zake zikiwa za nje, zisimamishwe wima, kwa sababu mawimbi husambaa zaidi kwenda pembeni ya antena kuliko kwenye ncha yake.

Ruta nyingi za sasa hutoa waifai kwa masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita zipatazo 12 na nusu. Hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali. Wimbi la 5 ni fupi zaidi, hubeba data kwa kasi kubwa, ila huchoka upesi likikutana na tofali. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta iunganishwe na 5. Simu ya mtu anayekaa varanda itumie 2.4.

Masafa ya 2.4 yana tatizo lake. Ni masafa ya wazi, hayahitaji leseni ya mtu mmoja mmoja. Marekani ilifungua mlango huo mwaka 1985, na kanuni za kwanza za kiufundi za waifai zikatoka mwaka 1997. Uhuru huo ndio ulioieneza waifai duniani kote, na ndio unaosababisha msongamano. Katika nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi vinavyotazamana uani, kila mpangaji akiwa na ruta yake, mawimbi yanaingiliana. Kwenye ukurasa wa mipangilio kuna sehemu ya kuchagua chaneli. Katika 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizogusana. Majirani watatu wakikubaliana kila mmoja achukue yake, wote watanufaika bila kuongeza bando.

Kama baada ya yote hayo chumba cha uani bado hakipati kitu, waya ndiyo dawa. Ruta ya laini ibaki dirishani inakokutana na mnara, kisha waya wa mtandao, ambao huweza kufika hadi mita 100, uvutwe hadi kwenye ruta ya pili iliyo katikati ya nyumba au kwenye chumba cha mbali. Vifaa vinavyodaka waifai hewani na kuirusha tena hupatikana pia, lakini vingi hupunguza kasi kwa kuwa hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale.

Hesabu ya kasi nayo inafaa kueleweka kabla ya kulalamika. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde, hata kikifanya kazi kikamilifu, hushusha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itachukua dakika tisa na ushee. Mtu anayetegemea filamu hiyo ishuke ndani ya dakika moja hajadhulumiwa. Alisoma kipimo kimoja akadhani ni kingine. Na akiwa na watoto watatu wanaotazama video wakati huohuo, dakika tisa zitakuwa nyingi zaidi.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni nywila, na ziko mbili. Moja ni ya kuingia kwenye waifai, inayojulikana na kila mgeni. Nyingine ni ya kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio, na katika ruta nyingi za zamani huwa neno “admin” kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta za watu wa kawaida. Vifaa vilivyotekwa vilitumiwa tarehe 21 Oktoba kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikasumbuka kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo wengi hawakujua lolote.

Kwa Tanzania kuna sababu ya karibu zaidi. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja. Anayoyafanya jirani, mpangaji au mpita njia kupitia waifai hiyo yanaonekana kwa nje kuwa yametoka kwenye laini ya mwenye nyumba, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Kwa hiyo nywila ya mipangilio ibadilishwe siku ya kwanza. Nywila ya waifai iwe na herufi na tarakimu zisizopungua 12, isiwe namba ya simu wala jina la mtoto. Kwenye aina ya ulinzi ichaguliwe WPA3, au WPA2 kama ruta haina hiyo. Aina ya zamani ya WEP ilishavunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001. Wageni na wapangaji wafunguliwe mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao, ili wasifike kwenye kompyuta za familia.

Umeme ni fungu jingine. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yanayopigwa radi kwa wingi, na mvua za Shinyanga kuanzia Novemba hadi Aprili huja nayo. Swichi ya ukutani haitoshi. Wingu likifunga, chaja ya ruta ichomolewe kabisa. Faiba yenyewe haipitishi umeme, lakini kifaa chake kina chaja kama vingine. Umeme unapokatika, betri ndogo ya ruta huiweka hewani kwa saa kadhaa. Kabla ya kuinunua, isomwe lebo ya chaja: kama ruta inataka volti 12, betri ya volti 9 haitaiwasha sawasawa, na ruta ya volti 9 ikipewa 12 inaweza kuungua.

Tatizo likitokea, kuna njia rahisi ya kujua liko upande gani. Fungua ukurasa wa mipangilio kwa ile namba ya kibandiko. Usipofunguka, tatizo liko ndani ya nyumba: waifai, nywila au ruta yenyewe. Ukifunguka na RSRP iko chini sana, tatizo liko kati ya ruta na mnara. Ukifunguka, RSRP ni nzuri na bando lipo, basi kosa liko nje, na hapo ndipo kupiga simu huduma kwa wateja kuna maana. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika, hakuna mpangilio wa ruta ambao ungeirudisha intaneti Nyasubi.

Haya si mambo ya starehe peke yake. Kahama ni mji wa mchele na dhahabu. Bei za soko, namba za malipo ya serikali, matokeo ya Baraza la Mitihani na maombi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, vyote viko mtandaoni. Kijana anayejaza fomu ya mkopo saa za mwisho hapaswi kukwama kwa sababu ruta imewekwa nyuma ya friji.

Msomaji mwenye ruta nyumbani aanze leo na mambo mawili: abadilishe nywila ya ukurasa wa mipangilio, kisha apime RSRP katika kila dirisha. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi ya kudhibiti matumizi ya bando na kuwalinda watoto mtandaoni.