Taka Huharibikia Jikoni, Si Jaani

Katoni kavu ni mali. Ikilala usiku mmoja kwenye mfuko mmoja na maganda ya viazi, majani ya chai na kiporo cha ugali, inaloa maji na mafuta, na kiwanda cha karatasi hakiitaki tena. Chupa ya plastiki iliyopakwa mchuzi nayo lazima ioshwe kabla ya kusagwa, na gharama hiyo humwangukia mwokotaji. Ndiyo maana nasema urejelezaji wa taka za Kitengela huamuliwa jikoni, kabla gari la taka halijafika.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na mimea. Yakifukiwa ndani ya jaa, hewa haiyafikii. Vijidudu visivyohitaji oksijeni huyaozesha na kutoa methani, gesi ambayo, ikipimwa kwa miaka 100, huongeza joto la dunia takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Maganda yayo hayo yakipata hewa huwa mboji. Anayelima sukuma wiki kwenye udongo mweusi wa Kitengela, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, anajua thamani yake: mboji huulegeza udongo huo na kuulisha.

Kazi yenyewe si ngumu. Weka maganda kwenye ndoo yenye matundu, yafunike kwa majani makavu au karatasi iliyochanwa, kavu ikizidi mbichi, kisha geuza kila wiki. Ikinuka, imelowa mno au imekosa hewa; ongeza kavu. Nyama na mafuta visitiwe, huvuta panya.

Kitengela iko Kaunti ya Kajiado, nchi ya mifugo, na hapa suala hili linaniuma zaidi. Ng'ombe hachambui anachokula kwa ulimi. Akisikia harufu ya chakula ndani ya plastiki, humeza vyote viwili. Plastiki hubaki katika tumbo lake la kwanza, haisagiki wala haipiti, hujisokota ikawa donge. Mnyama huyo hukonda huku tumbo limejaa. Marufuku ya Kenya ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza 28 Agosti 2017, ilisaidia sana, lakini vifungashio vingine vya plastiki bado vimezagaa. Visipokuwa na chakula ndani, mifugo haitavifuata.

Kioo kina bahati nzuri zaidi. Huyeyushwa tena na tena bila kupoteza ubora, na vigae vyake huhitaji joto dogo kuliko mchanga na magadi ya kuanzia. Karakana ya Kitengela Glass, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, imejenga jina lake kwa kuyeyusha vioo vilivyotupwa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, na Katiba imezipa kaunti jukumu la kuzizoa. Lakini mama aliyetenganisha taka katika ndoo mbili akiona zote zikimwagwa kwenye gari moja, wiki ijayo hatajisumbua. Wenye ploti waweke mapipa mawili langoni, na mkataba na mzoa taka uwe na siku yake ya taka mbichi na siku yake ya kavu.