Pete ya Shaba Ndani ya Buluu

Asubuhi pale mwalo wa Kirumba, Mwanza, dagaa wakishushwa, angalia rangi tatu: ukijani wa mwani majini, wekundu wa matamvua ya sangara, na buluu iliyopakwa ubavuni mwa mtumbwi. Kwa mkemia hizi ni ndugu wa ukoo mmoja. Kila moja hutokana na molekuli yenye umbo la pete, na katikati ya pete atomu ya metali imeshikwa na nitrojeni nne. Kwenye mwani ni magnesi. Kwenye damu ni chuma. Na buluu ikiwa ni ile ya kawaida ya viwandani, ni shaba.

Buluu hiyo, thalosianini, ilianza kama uchafu. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Grangemouth, Uskoti, enameli ya chombo cha chuma ilipata ufa, kemikali zikagusa chuma, kukatokea rangi ambayo hakuna aliyeikusudia. Patrick Linstead akachambua umbo lake. Mwaka 1935 ile yenye shaba badala ya chuma ikaanza kuuzwa.

Kinachonivutia mimi ni tabia yake ya umeme. Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kila nyuzi moja ya Selsiasi. Atomu hutikisika, na elektroni hupita kwa taabu kama mchukuzi wa kreti la samaki sokoni watu wakisukumana. Thalosianini hufanya kinyume: ikipashwa joto, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Elektroni zake hutulia ndani ya pete, na joto ndilo huzipa nguvu ya kurukia pete ya jirani. Daniel Eley wa Uingereza aliandika habari hiyo mwaka 1948. (Shaba yenyewe hapa si njia kuu, elektroni nyingi hupita kwenye pete.)

Mwaka 1986 Ching Tang, wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, alichapisha habari ya jinsi alivyotandaza utando mwembamba wa thalosianini ya shaba juu ya kioo, akaweka tabaka jingine juu yake, akapata umeme wa jua. Ufanisi ulikuwa karibu asilimia 1. Lakini paneli zinazochaji taa za wavuvi wa dagaa ziwani bado ni za silikoni.