Mahudhurio, Zamu na Ikama: Istilahi za Kupanga Wafanyakazi wa Hoteli

Neno "kibarua" hapo awali lilikuwa na maana ya barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na mwambao, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, na kwa kijikaratasi hicho alilipwa ujira. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe, nasi leo twasema kibarua bila kukumbuka karatasi yoyote. Neno "kipande" nalo lilipita njia kama hiyo. Katika mashamba ya mkonge ya zama za ukoloni, na wilaya ya Kilosa ilikuwa nayo mengi, Kimamba ikiwa mojawapo ya mahali pajulikanapo, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku ambayo mfanyakazi alimaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama; siku ambayo hakuimaliza haikuhesabiwa. Mshahara ulifuata kujaa kwa kadi wala haukufuata mwisho wa mwezi. Nchini Kenya jina hilo hilo lilipewa cheti alichovaa Mwafrika shingoni katika kikasha cha bati, na hata leo wako Wakenya wengi waitao kitambulisho chao cha taifa kipande.

Nimeanza na maneno hayo mawili ili kuondoa dhana iliyoenea miongoni mwa wafasiri kwamba uandikaji wa mahudhurio ni jambo geni lililokuja na kompyuta, na kwa hiyo Kiswahili hakina budi kuazima kila neno lake. Lugha yetu imeandika mahudhurio kwa muda mrefu, na maneno yake yamebeba historia ya ujira na dhuluma. Kilicho kigeni ni kuunganishwa kwa vyombo viwili ambavyo zamani vilikaa mbalimbali, na hapo ndipo makala haya yanapoelekea.

Chombo cha kwanza ni kile kinachoandika nani kaingia kazini na saa ngapi, na nani katoka. Katika ofisi za serikali na shule chajulikana kwa sura yake ya zamani, yaani daftari la mahudhurio; katika hoteli nyingi sasa ni mashine ndogo ukutani ambayo mfanyakazi huiwekea kidole. Chombo cha pili ni programu inayompangia meneja idadi ya watu atakaowahitaji wiki ijayo: wangapi mapokezi, wangapi jikoni, wangapi vyumbani, na kwa zamu zipi. Programu hiyo hukadiria kutokana na vyumba vilivyokwisha kuwekwa na wageni, na kutokana na kipimo cha kazi. Tuseme mtandika vyumba mmoja amepimiwa vyumba 12 kwa zamu. Vyumba 48 vikijaa watahitajika watandikaji wanne. Lakini kipimo hicho ni cha karatasini. Ni data ya mahudhurio pekee iwezayo kumwambia meneja kwamba watu wanne aliowapanga Jumapili iliyopita walikaa kazini saa mbili zaidi ya zamu yao, na kwa hiyo walihitajika watano. Ndiyo maana watu hutaka vyombo hivyo viwili visomane.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, nayo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia yakatiza ndani yake. Kwa kuwa mtu aweza kutoka Dar es Salaam asubuhi akalala Mikumi siku hiyo hiyo, wageni huongezeka mwisho wa wiki na siku za sikukuu, na hupungua masika, kuanzia Machi hadi Mei. Hoteli na kambi za hapo hazina budi kuongeza na kupunguza watu kufuatana na mawimbi hayo. Wafanyakazi nao hawatoki mjini Mikumi peke yake. Wako watokao vijijini wilayani Kilosa, Masanze ikiwamo, ambao njia zao wakati wa mvua si za kuaminika.

Sasa tuyatazame maneno. Kwa dhana ya kupanga idadi ya wafanyakazi wanaohitajika, wafasiri wengi hukimbilia "rasilimali watu" au "nguvukazi". La kwanza limezoeleka, ingawa mimi binafsi sijapata kulipenda, kwa sababu humweka mtu rafu moja na shuka na sufuria. La pili lafaa zaidi tunapozungumzia uchumi wa nchi nzima. Neno tulilo nalo tayari, na ambalo kila mtumishi wa umma alijua, ni "ikama": idadi ya watumishi wanaotakiwa mahali fulani, kwa vyeo na kazi zao. Waislamu wanalijua pia kuwa ni mwito wa pili wa sala, ule unaowasimamisha watu kwenye safu, na taswira hiyo haiko mbali na kazi ya meneja apangaye watu wake. Kwa hiyo "programu ya kupanga ikama" yaeleweka bila maelezo ya ziada. Mpango wenyewe wa nani yuko kazini lini ni "ratiba ya zamu". Neno "shifti" limeenea viwandani na hotelini, na hakuna haja ya kulipiga vita. Lakini "zamu" ni neno la walinzi, la mabaharia na la wanafunzi wa bweni, na lina faida kwamba hutupatia pia "kupokezana zamu", tendo ambalo katika hoteli ni la kila siku.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno dogo kuliko yote, nalo ni "saa". Niliwahi kuonyeshwa kumbukumbu za hoteli moja ambako mashine ya kidole iliharibika kwa wiki kadhaa, na msimamizi akarudi kwenye daftari. Mhudumu wa mapokezi wa zamu ya usiku aliandika, kama sote tungeandika, kwamba aliingia 3:00 akatoka 12:00. Karani aliyehamishia maandishi hayo kwenye kompyuta aliyaingiza yalivyo. Kompyuta, ambayo huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, ikaelewa kwamba mtu huyo aliingia saa tisa za usiku akatoka saa sita za mchana. Jambo baya ni kwamba hesabu ya jumla haikuonyesha kosa lolote. Kutoka saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 9. Kutoka saa 9 usiku hadi saa 6 mchana ni saa 9 vilevile. Ukitoa saa moja ya mapumziko, zinabaki 8 kwa njia zote mbili, na mkaguzi anapita bila kushtuka.

Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inautaja usiku kuwa ni muda baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanyiwa kazi katika muda huo. Mhudumu wetu alifanya saa 8 za usiku, bali kompyuta ilimhesabia 3. Tuchukue mfano wa ujira wa shilingi 1,000 kwa saa: nyongeza yake ingekuwa shilingi 400 kwa usiku mmoja, akapewa 150. Kwa usiku 20 amepoteza shilingi 5,000, wala hapana mtu aliyekusudia kumwibia. Upande wa pili, programu ya ikama ikasoma kwamba mapokezi hapakuwa na mtu tangu saa 3 hadi saa 9 usiku, na kwamba asubuhi palikuwa na mtu wa ziada. Wiki iliyofuata ikapendekeza kumwondoa mtu mmoja katika zamu ya asubuhi, wakati ambapo wageni wa kwenda mbugani huamka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa watafsirio skrini na fomu za vyombo hivi ni kwamba ndani ya mashine saa zihifadhiwe kwa hesabu ya 24, ila kile anachokiona mfanyakazi kiandikwe kwa saa za Kiswahili, na sehemu ya siku isiachwe kamwe: "saa 3:00 usiku", "saa 12:00 asubuhi". Daftari la akiba nalo liwe na safu ya kuandika alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Tarakimu tupu zisikubaliwe. Baadhi ya wenzetu hudai kwamba dawa ni kuwafundisha watu wote saa za Kizungu. Wataalamu hao wangejaribu kwanza kumwagiza mpishi wa zamu ya alfajiri kwa saa hizo, kisha wahesabu ni mara ngapi chai itachelewa.

Neno "siku" lina mtego wake. Kwa hesabu ya jadi ya Kiswahili usiku hutangulia mchana, na "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wengi ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Kwa vijana wengi wa leo ni ule uufuatao. Kalenda ya kompyuta hubadili siku katikati ya usiku, yaani katikati ya zamu ya mlinzi. Sheria niliyoitaja ina hesabu ya tatu: kwa madhumuni ya saa za kazi, siku ni kipindi cha saa 24 kinachoanzia wakati ambao mfanyakazi huanza kazi kwa kawaida. Hesabu hii ndiyo inayoamua kama mtu amevuka saa 9 za kawaida kwa siku, au kikomo cha saa 12 pamoja na ziada. Katika tafsiri, basi, tusitumie "siku" pekee kwa dhana zote tatu. Napendekeza "siku ya kalenda" kwa ile ya mashine na "siku ya kazi" kwa ile ya sheria. Na pale tunapotaja zamu ya usiku katika ratiba, tutumie msemo wa magazeti na redio ambao haujapata kumpoteza mtu: "usiku wa kuamkia Jumapili".

"Saa za ziada" latosha kwa kazi ipitayo muda wa kawaida, ingawa "ovataimu" ndilo neno litakalosikika jikoni. Sheria inaweka kikomo cha saa 50 za ziada katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Hapa kuunganishwa kwa vyombo viwili kuna manufaa ya kweli, kwa kuwa programu ya ikama yaweza kumwonya meneja kabla hajampangia mtu saa ya 51. Onyo lenyewe liandikwe kwa sentensi kamili. Nimeona "Kikomo kimezidi", ambayo kisarufi husema kwamba kikomo ndicho kilichoongezeka. Ilitakiwa "Kikomo kimepitwa".

Linalonishughulisha kuliko hayo ni tafsiri ya hali ya mtu asiyeonekana kazini. Programu nyingi zina neno moja tu la jumla kwa hali hiyo, na wafasiri wengi wameliandika "utoro". Utoro ni kosa. Mwanafunzi mtoro huadhibiwa, na mfanyakazi mtoro huweza kufukuzwa. Mtandika vyumba atokaye Masanze, ambaye mvua ya Aprili imemkatia njia, akifika saa 4 asubuhi badala ya saa 1, mashine imekwisha kumwandika mtoro saa 3. Aliye katika siku zake 126 za likizo ya ugonjwa, ambazo sheria inampa katika kila mzunguko wa miezi 36, huandikwa vivyo hivyo iwapo cheti chake bado ki mezani kwa karani. Data hiyo ikivushwa kwenda programu ya ikama, mtu huyo hupangiwa zamu chache kwa sababu "haaminiki". Neno la mfasiri limekuwa hukumu, na aliyehukumiwa hakusikilizwa. Neno la jumla liwe "kutokuwapo kazini", lisilo na lawama. Chini yake ziwekwe sababu: likizo, ugonjwa, ruhusa, udhuru. "Utoro" uandikwe na binadamu baada ya kuuliza, wala usiandikwe na mashine.

Yapo maneno ya kiufundi ambayo hayahitaji kutuchosha. "Data", "programu" na "mfumo" yameshaota mizizi. Namba inayomtambulisha mfanyakazi katika vyombo vyote viwili iitwe "namba ya ajira". Walimu waweza kuilinganisha na cheki namba yao. Isitumike kamwe kuunganisha kwa majina, kwani Mohamedi wa daftari moja ni Muhamed wa daftari jingine, na kompyuta itawafanya watu wawili. Alama ya kidole iitwe hivyo hivyo, na fomu ya kuichukua imweleze mwenye kidole kwa Kiswahili kinachoeleweka itatumiwa kwa kazi gani, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika.

Kipande cha mkonge, kwa ubaya wake wote, kilikaa mkononi mwa mfanyakazi. Aliweza kuhesabu mwenyewe nafasi zilizojaa na kubishana na mnyapara. Mashine ya ukutani haimpi kitu cha kushika. Baadhi ya programu zaweza kuchapa muhtasari wa mwezi kwa kila mtu, wenye saa za kawaida, saa za ziada na saa za usiku, kila moja katika safu yake. Karatasi hiyo bado haina jina moja lililokubalika: wengine huiita "taarifa ya mahudhurio", wengine "hati ya saa". Mimi ningeiita "hati ya saa za kazi", na ningependa kusikia kutoka kwa wasomaji walio karibu na hoteli, za Mikumi au za kwingineko, wafanyakazi wenyewe wanaiitaje.