Wigo wa Minyaa na Mashine ya Kufyekea

Leo sina habari za mbali. Nataka kuzungumza nanyi juu ya bustani iliyo nyuma ya nyumba, mimea ifaayo katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita, na mashine za petroli ambazo siku hizi zimeanza kuchukua mahali pa panga na fyekeo. Nitaanza na macho yangu mwenyewe, maana hayo ndiyo yaliyonifundisha somo hili.

Nyumba nikaayo imezungukwa na wigo wa minyaa. Aliyeupanda ni mtu aliyenitangulia, nami niliukuta umekwisha kuwa mrefu kupita kimo cha mtu, umeinama juu ya njia hata wapitao wakipinda kichwa. Basi mwezi wa Julai, wakati wa likizo, nikaazima mashine ya kufyekea, ile ivaliwayo begani kwa mkanda, yenye injini upande wa nyuma na kisu cha chuma cha mviringo upande wa mbele. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa akipita na ng'ombe wake. Akasimama, akasema, "Mwalimu, mnyaa haukatwi hivyo. Hukatwa polepole, na upepo ukiwa nyuma yako." Nikamjibu kwa adabu, "Ahsante, baba, namaliza sasa hivi." Lakini moyoni nilimhesabu kuwa ni mtu asiyejua mashine.

Haikupita robo saa nikahisi kama pilipili imemwagwa machoni. Kila mtu wa huku ajua kuwa mnyaa ukivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Ukikatwa kwa panga, utomvu hudondoka chini, na mwenye panga husogea kando. Lakini kisu cha mashine huzunguka mara elfu kadha kwa dakika moja, nacho huugeuza utomvu ule kuwa manyunyu mepesi yaendayo kila upande, hata juu, hata nyuma ya mkataji. Sikuona tone lolote likiruka. Nilifuta jasho kwa kiganja, kumbe naupaka ule utomvu ndani ya macho.

Jambo la hatari katika utomvu wa mnyaa ni kwamba ubaya wake hauishi palepale. Maumivu huzidi saa kwa saa. Jioni kope huvimba, na kesho yake mtu huona ukungu tu. Mama watoto alinilaza chali na kunimiminia maji safi machoni kwa muda mrefu, huku nikilalamika kuwa yatosha, naye asinisikilize. Baadaye daktari alituambia kuwa maji yale ndiyo yaliyoniokoa. Siku mbili sikuweza kumtambua mtu kwa sura yake, na zaidi ya juma moja ilipita kabla sijaweza kusoma kitabu. Wengi hupona kama nilivyopona mimi. Lakini kioo cha jicho kikipata kidonda, na kidonda hicho kikaingia uchafu, jicho laweza kupotea kabisa. Kwa hiyo shikeni hili: maji safi mengi, upesi, kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha hospitali siku ile ile. Maziwa, asali na dawa ya majani visitiwe jichoni. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa uso, na nguo za kazi zisitupwe kitandani.

Baada ya habari hiyo mtu aweza kusema, "Basi tuung'oe mnyaa." La, hasha. Mimi katika mimea yote ya bustani yangu nampenda mnyaa kuliko mingine. Hauna majani ya kutazamwa, wala ua la kunusa. Ni vijiti vya kijani tu, na vijiti hivyo ndivyo vifanyavyo kazi ya majani. Kwa sababu hiyo jua la Septemba halina kitu kikubwa cha kuukausha. Mbuzi hawauli. Hupandwa bila mbegu: wakata tawi la urefu wa mkono, waliacha kivulini siku chache mpaka jeraha likauke, kisha walichomeka ardhini. Karibu na makao mengi ya Wasukuma wauona ukizunguka mji, zizi na makaburi, na penye mahame, nyumba zikiisha kuanguka, mnyaa hubaki ukionyesha palipokuwa na mlango.

Ndani ya wigo huo ndipo bustani yenyewe ilipo, na hapa yapasa tuseme kweli juu ya nchi yetu. Shinyanga mvua yake ni milimita mia sita mpaka mia nane kwa mwaka, tena huja kwa fujo kati ya Novemba na Aprili au Mei, na katikati yake mara nyingi hukatika kwa majuma kadha, mimea ikanyauka ikiwa michanga. Baada ya Mei hakuna kitu. Udongo nao ni wa namna nyingi: juu ya vilima ni mchanga, uitwao luseni, rahisi kulima lakini hauna chakula kingi, chini bondeni ni mbuga, udongo mweusi ushikao maji sana, nao ukikauka hupasuka mipasuko ya kuingia mguu. Mtu wa luseni atie samadi. Mtu wa mbuga asilime wakati umelowa, maana atafanya matofali.

Mboga ninayoanza nayo ni mgagani. Wako watu wa mjini waudharau kwa uchungu wake, lakini ni mboga ya nchi hii, hustahimili joto, na majuma manne mpaka sita baada ya kupanda mbegu waweza kuchuma. Kisha kunde, ambayo majani yake huliwa mabichi au hukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Kisha maboga, ambayo hufunika ardhi kwa majani mapana na kuzuia jua lisinyonye maji. Mchicha wataka maji zaidi. Mipapai miwili mitatu karibu na mahali pa kuogea hunywa maji yaliyokwisha kutumika. Kwa kivuli nina mwarobaini, mti uliotoka upande wa Bara Hindi, na mkwaju, ambao ni wa kwetu. Mke wangu amepanda waridi karibu na dirisha, nami sina la kusema juu ya waridi ila kwamba linakunywa ndoo moja kila jioni.

Matuta yangu si ya kuinuka bali ya kuzama, kama sinia, ili tone lisikimbie. Maarifa haya si mageni. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, zamani waliwafundisha wakulima wa pamba kufunga matuta, yaani kuweka vizuizi vidogo vya udongo katikati ya mifereji, ili maji ya mvua yakae mahali yaliponyesha. Jembe latosha kwa kazi hiyo. Tena tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamefika miji ya Shinyanga na Kahama kwa bomba kubwa, na walio karibu na bomba wamepata bahati ambayo babu zao hawakuiota. Lakini maji ya bomba hulipiwa, na waridi halijui hesabu.

Sasa nirudi kwenye mashine. Mashine ya kufyekea si adui. Uwanja wa shule ambao wanafunzi arobaini wangeufyeka kwa siku mbili, mtu mmoja aweza kuumaliza asubuhi moja, na watoto wakabaki darasani. Injini yake ndogo haina mahali pake pa oili kama gari; hupata oili kwa kuchanganywa na petroli. Mashine nyingi zataka sehemu moja ya oili kwa sehemu hamsini za petroli, maana yake mililita 20 kwa lita moja. Nyingine zataka moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40. Kitabu cha mashine ndicho kisemacho, si fundi wa barabarani. Atiaye petroli tupu huiua injini kwa siku moja. Wala petroli isimiminwe injini ikiwa ya moto.

Afyekaye avae miwani ya kazi, viatu vigumu na kitu cha kuziba masikio, na watu wengine wakae mita kumi na tano mbali naye, kwa kuwa kisu kikipiga jiwe hulirusha kama kombeo.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi kwa bustani ni ile isiyopiga kelele. Mashine nyingi hutumia uzi wa nailoni badala ya kisu. Mtu huona uzi laini, hudhani hauwezi kuudhuru mti, basi hufyeka nyasi mpaka kwenye shina. Sasa, chakula cha mti kitokacho majani kwenda mizizi hupita katika gome. Uzi ule ukilizunguka shina changa na kulichubua gome pande zote, mizizi hukosa chakula. Mti haufi siku ile. Hubaki na majani yake mwezi, pengine miezi, kisha hukauka, na mwenyewe husema ni mchwa. Mwarobaini wangu mmoja ulikufa hivyo, na mchwa nikawasingizia. Dawa yake ni rahisi: nyasi zilizo karibu na shina zing'olewe kwa mkono, na mahali hapo pawekwe majani makavu, bila kuyagusisha gome.

Jambo hili katika nchi yetu ni kubwa kuliko bustani moja. Kati ya miaka ya 1920 na 1940, serikali ya Waingereza ilifyeka mapori mengi ya Shinyanga kwa makusudi, ili kumnyima mbung'o kivuli. Bwana Swynnerton, mkuu wa uchunguzi wa mbung'o, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alifanya makao ya kazi yake hapa hapa Shinyanga. Baadaye ikaja pamba, na ng'ombe wakaongezeka, na kuni zikatakiwa, hata katika miaka ya 1980 watu wakaiita nchi hii jangwa. Ndipo mwaka 1986 ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI, uliofanya kazi mpaka 2004. Mwanzoni mpango ule ulifikiri juu ya kupanda miche. Lakini wenyeji walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili, ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Ilipofungwa ardhi hivyo, miti ikachipuka yenyewe, kwa sababu chini ya nyasi visiki na mizizi ya msitu wa zamani vilikuwa bado hai. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka ya kwanza ya 2000 zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mtu mwenye panga akifyeka katika ngitili huliona chipukizi la mgunga na kulizunguka. Mwenye mashine halioni. Hulikata pamoja na nyasi kwa kipigo kimoja, mwaka hata mwaka, mpaka kisiki kichoke. Kwa hiyo nawashauri wenye ngitili ndogo karibu na nyumba: kabla ya kuwasha mashine, piteni kwa miguu na kuchomeka kijiti kirefu penye kila chipukizi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Upande wa Geita shida yao ni nyingine. Huko mvua ni nyingi kidogo, na bustani hustawi upesi. Lakini mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu yataka magogo ya kushikilia kuta, na msumeno wa mashine, uitwao na wengi chenso, huangusha kwa dakika chache mti uliokua miaka thelathini. Bukombe na Mbogwe, ambako zamani misitu ilikuwa ya Shinyanga, na tangu mwaka 2012 ni ya mkoa wa Geita, watu wayajua haya. Kuna tena jambo la zebaki. Wachimbaji huichanganya na mchanga wenye dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Moshi wake hauonekani vema, lakini ni sumu kwa avutaye, nao hutua juu ya ardhi na majani yaliyo karibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, lakini karatasi haizuii moshi. Asiwepo mtu achomaye zebaki uani, na mchicha usipandwe karibu na mahali pa kuoshea dhahabu, wala usimwagiliwe kwa maji yatokayo huko, hata yakiwa bure.

Na wigo wangu? Niliurudia mwezi wa Agosti, mashine nikiisha kuirudisha kwa mwenyewe. Nilivaa miwani, glavu na shati la mikono mirefu, nikaanza alfajiri kabla ya upepo kuinuka, nikakata kwa panga kutoka juu kwenda chini, tawi moja moja. Mzee jirani akapita tena na ng'ombe wake. Hakusema neno juu ya Julai. Aliomba matawi ya kupanda kando ya zizi lake, nikamfungia mzigo, naye akauweka kivulini ukauke. Kazi yote ilinichukua siku tatu.