Bati Lile Lile, Asidi Tofauti (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwa nini mawese ya huku kwetu Maniema, Nyangwe hadi Kabambare, hugeuka makali. Chikichi zikirundikwa siku kadhaa zilainike kabla ya kutwangwa, vimeng'enya vya tunda lenyewe huyavunja mafuta na kuachia asidi huru. Ukiyachanganya na methanoli na soda kostiki ukitaka dizeli, sehemu kubwa hugeuka sabuni. Mfuaji atafurahi, mwenye injini, hapana. Mafuta ya namna hiyo yanataka kichocheo cha asidi, na asidi yabisi, yaani ya unga, ina faida yake: kazi ikiisha unaichuja, unaitumia tena, wala haili pipa.

Mojawapo ya asidi hizo, oksidi ya bati iliyoshikwa na salfeti, hutengenezwa kwa bati, na kasiterite ya Maniema, yaani jiwe la bati, imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Basi kwa nini tusilisage jiwe, tukalilowesha kwa asidi ya sulfuriki, tukamaliza? Kwa sababu kasiterite ni oksidi ya bati iliyokwisha kuwa fuwele, na salfeti haipati pa kushika. Wajapani Hino na Arata, waliotangaza asidi yabisi ya jamii hiyo hiyo, zirkonia (oksidi ya zirkoni) yenye salfeti, mwaka 1979, walianza na haidroksaidi isiyo na fuwele. Fuwele zilijiunda baadaye, tanuuni. Bati nalo lina tabia hiyo hiyo.

Kwa hiyo njia ni ndefu. Bati hugeuzwa kuwa chumvi ya kloridi, huyeyushwa majini, kisha hutiwa amonia mpaka ugande ute mweupe wa haidroksaidi. Kuuosha ute huo ndiko kwenye kazi, ingawa wengi huharakisha hapo. Ukiuosha kwa maji matupu, chembe zake hutawanyika na kupenya karatasi ya kuchujia. Arata na wenzake waliuosha kwa mmumunyo wa amonia asetati, wakapata unga wenye nguvu zaidi. Ukishakauka huloweshwa kwa asidi ya sulfuriki, huchujwa, kisha huchomwa kwenye nyuzi 500 hivi za sentigredi. Moto ukipungua, salfeti haishikamani vyema na oksidi. Ukizidi mno, hutoroka kama gesi, ukabaki na unga mweupe usio na kazi.

Anayekuletea unga huo, usimwulize jina lake tu. Mwulize ulioshwa kwa kitu gani na ulichomwa nyuzi ngapi.

Juma lijalo: asidi yabisi isiyohitaji bati, iliyotangazwa na Wajapani mwaka 2005, ya sukari iliyochomwa nusunusu.