Wanja wa mtoto: tulijue jiwe kabla ya kulitia jichoni

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakuomba ukitazame kitu kidogo kilichomo chumbani mwako: kidau cha wanja.

Tulikuwa katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu kwanza na kisha Kibondo. Katika nyumba tulizokaribishwa tuliliona jambo ambalo hata wasomaji wetu wa Ujiji, Tanga na Unguja wanalijua vyema. Mtoto mchanga ameogeshwa, amepakwa mafuta, kisha bibi yake anachukua kijiti na kumtia wanja machoni na kwenye nyusi. Tulipouliza wanja huo umetengenezwa kwa kitu gani, tulipata majibu mawili. Baadhi ya akina mama walisema ni masizi ya utambi yaliyochanganywa na mafuta, kazi ya mikono yao wenyewe. Wengine walituonyesha unga mweusi wenye kumetameta walioununua sokoni, wakauita wanja wa manga. Muuzaji aliwaambia kwamba umetoka Uarabuni na kwamba ni Sunna. Zaidi ya hayo hakusema, na wala hakuulizwa.

Masizi ni kaboni, ndugu zake makaa. Huo unga unaometa ni jiwe lililosagwa, na hapa ndipo penye shida, kwa sababu mawe yenyewe ni mawili na yanafanana kama mapacha.

Kiberiti, yaani salfa, kikiungana na metali ardhini hufanya jamii ya mawe yaitwayo salfidi. Kikiungana na antimoni hutoka jiwe la kijivu ambalo wataalamu wengi wanalihesabu kuwa ndilo ithmid ya Waarabu wa kale. Kikiungana na risasi hutoka jiwe jingine la kijivu, liitwalo galena, ambalo zaidi ya asilimia 86 ya uzito wake ni risasi tupu. Yote mawili hung'aa kama chuma kilichokatwa sasa hivi, na yote mawili yakisagwa hutoa unga mweusi. Tangu zamani wafanyabiashara wameyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua. (Na tukumbushe hapa kwamba neno la Kiarabu kuhl, lenye maana ya wanja, ndilo lililosafiri hadi Ulaya likawa alkoholi. Mwanzoni maana yake huko ilikuwa unga uliosagwa laini sana, kabla ya kuhamia kwenye chupa.)

Sisi hatuji kuipinga Sunna. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) aliisifu ithmid kwa manufaa yake kwa macho na kope. Swali letu ni dogo zaidi: je, kilichomo kidauni ni ithmid? Mwenye kuuza risasi kwa jina la ithmid hakuuza Sunna, ameuza jina lake.

Risasi hiyo hatuna haja ya kuifuata mbali ili tuijue. Ukitoka Kasulu kuelekea kusini, ukaipita Uvinza ya chumvi, utafika Mpanda, ambayo sasa imo katika mkoa wa Katavi. Huko galena ilichimbwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwa ajili yake serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua. Hatudhani kuna mama ambaye angeokota jiwe la mgodi wa Mpanda, akalisaga na kumtia mwanawe jichoni. Lakini jiwe lile lile likija katika kichupa chenye maandishi ya Kiarabu, tunalipokea kwa mikono miwili.

Mwaka 2011 mjini Boston, Marekani, mtoto wa miezi sita alipimwa damu ikakutwa na risasi. Wazazi wake walikuwa wakimtia wanja ulioletwa kutoka Nigeria, ambako huitwa tiro. Maabara ilipoupima, asilimia 82.6 ya unga ule ilikuwa risasi. Mtoto mwenyewe hakuonekana mgonjwa, na hilo ndilo linalotutia hofu. Risasi haipigi hodi. Mtoto hupikicha macho kisha hutia vidole mdomoni, na machozi nayo hushuka kupitia puani hadi kooni. Risasi inayomezwa, mwili wa mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 ya ule wa mtu mzima. Hukaa mifupani, hupunguza damu na huharibu ubongo unaokua. Miaka sita baadaye mwalimu husema mtoto huyu ni mzito wa kuelewa, na nyumbani hakuna anayekumbuka wanja. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito naye humpitishia aliye tumboni.

Tusije tukaonekana tunakilaani kiberiti. Marhamu yake ni dawa ya upele ya tangu zamani, na salfidi ya seleni imo katika dawa za kuoshea kichwa chenye mba. Tasbihi zile zinazong'aa gizani, nyingi zilitengenezwa kwa salfidi ya zinki. Wino mwekundu wa zinjifuri, ambao waandishi wa misahafu waliutumia kwa alama na mapambo, ni salfidi ya zebaki. Hata nikeli ya Kabanga, iliyopewa leseni ya kuchimbwa mwaka 2021, imo katika mawe ya salfidi (tunasema Kabanga ya Ngara, si ile ya Kasulu yenye hospitali). Kila kimoja kina mahali pake, na jicho la mtoto mchanga si mahali pa risasi.

Basi tunawashauri akina mama na akina bibi hivi: jicho la mtoto mchanga halihitaji kitu chochote. Anayependa kupamba achore nyusi kwa masizi safi, na ajiepushe na unga unaometa usiojulikana aliyeutengeneza. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania; ulizeni alama yake. Na ambaye mtoto wake amekwisha kutiwa wanja huo, amwambie daktari bila kuona haya, na kidau akichukue aende nacho.

Bibi mmoja wa Kibondo alitusikiliza hadi mwisho. Kisha alikifunga kidau chake kwa kitambaa, akakiweka juu ya kabati, akasema mwanawe atakapokwenda Dar es Salaam atakipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali akaulize kama kinaweza kupimwa. Mjukuu alibaki na nyusi zake za masizi.